Jibu: Kuwafunza walimu wa madrasa na wazee, Wete

Waalaykum salaam ndugu. Umeuliza kama siku moja yatosha kuwafunza walimu wa madrasa na wazee wa hapo Wete, Pemba, namna ya kumsaidia kijana mwenye msongo au huzuni nzito. Kwa maelezo yatosha, kwa mazoezi haitoshi. Fanya siku mbili, watu wasizidi 20, na nusu ya muda wakae wawili wawili wakiigiza: mmoja awe kijana, mmoja mzee, kisha wabadilishane.

Kinachoharibu zaidi ni nasaha ya haraka. Dua ina nafasi yake, lakini kijana akikatizwa kabla hajamaliza, hasemi tena. Wazoeshe kusikiliza kwanza.

Swali gumu walitamke kwa sauti, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo. Kuuliza hakumtii wazo, humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shamba ziondolewe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo siri isiahidiwe kabisa.

Dalili zifundishwe kwa ufupi: usingizi au ulaji kubadilika, kuacha skuli au mpira, hasa zikidumu wiki mbili. Kila mtu aondoke na namba 116, simu ya bure ya watoto.