Maswali ya Wasomaji: Bianka Panova na kirungu cha Seoul

SWALI: Bianka Panova wa Bulgaria alipata 10 kamili kila alipocheza mashindano ya dunia ya jimnastiki ya mdundo ya 1987. Ilikuwaje akakosa medali Olimpiki ya 1988, ilhali fainali hakukosea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Alama za mchujo ndizo zilizomponza. Kwenye mashindano hayo ya dunia kule Varna, Bulgaria, mbele ya watu wa kwao, mwanafunzi huyu wa kocha Neshka Robeva alitwaa dhahabu ya jumla na za vifaa vyote vinne: kamba, hupu, virungu na utepe. Kwenye Olimpiki ya Seoul, siku ya mchujo, alikosea kwenye virungu.

Wakati huo nusu ya alama za mchujo iliongezwa kwenye za fainali, kwa hiyo kikomo kilikuwa 20 za mchujo na 40 za fainali, yaani 60. Panova alibeba 19.725 kutoka mchujo. Fainali akapata 40 kamili, jumla 59.725, nafasi ya nne. Alexandra Timoshenko, wa tatu, alikuwa na 59.875, Marina Lobach aliyeshinda alikuwa na 60. Hakukuwa na alama yoyote zaidi ya kuchuma!

Virungu ni vigumu kwa sababu ni viwili, kila kimoja gramu 150, na huzunguka hewani. Ukichelewa kidogo kukiachia, mzunguko hubadilika, kirungu kinashuka kwa upande mnene na shingo yake haikukuti kiganjani.

Siku hizi fainali ya Olimpiki huanza na sifuri kwa wote. Kwa utaratibu huo, 40 zile zingempa medali.