Asili ya graindikoo

Kwa aliyeuliza kama graindikoo, yaani muziki wa mseto wa panki na hevi metali uliokithiri kwa kasi, ilianzia Uingereza au Marekani: umaarufu ulitoka Uingereza, ila mbegu zilipandwa pande zote mbili za Atlantiki. Napalm Death iliundwa mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, karibu na Birmingham, ikiwa bendi ya panki ya vijana wadogo, na ni baada ya kuingia mpiga dramu Mick Harris, mwaka 1985, ndipo mwendo ulipopandishwa hadi dramu zikasikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Albamu yao ya kwanza, Scum, ilitolewa mwaka 1987 na Earache, kampuni ya Nottingham. Ajabu yake ni kwamba pande mbili za santuri zilirekodiwa na vikosi viwili tofauti, na Harris pekee ndiye aliyepiga katika zote mbili. Humo umo wimbo You Suffer, ambao haufikishi hata sekunde mbili.

Hata hivyo, Siege wa Massachusetts walikuwa tayari wanapiga panki kwa kasi ya kutisha kufikia mwaka 1984, na Repulsion wa Flint, Michigan, ambao kwa maoni yangu hawajapewa heshima wanayostahili, walirekodi nyimbo za Horrified mwaka 1986. Albamu hiyo ilitolewa mwaka 1989, wakati ambapo sifa zilikwisha kwenda Birmingham.