Wasomaji wananidai sehemu mpya kila jioni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuza mitumba mjini Morogoro. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiandika simulizi katika ukurasa wangu wa Facebook, sehemu moja kila jioni nikishafunga biashara. Nilianza kwa sababu nilikuwa na visa vingi kichwani na sikuwa na wa kumsimulia. Sasa wasomaji wameongezeka, na siku nisipoandika hulalamika kwamba nimewaachia arosto, yaani kiu ya kujua kinachofuata. Mwezi uliopita nilikuta simulizi yangu nzima ikiuzwa shilingi 1,000 katika kundi la WhatsApp, jina langu limefutwa na namba ya simu ya mtu mwingine imewekwa. Je, niendelee au niache?
Jina limehifadhiwa, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na wizi kwa kuwa ndio unaouma, ingawa kwa maoni yangu sio tatizo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, bila kudai kwanza uisajili, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo, mwenye haki asiye na ushahidi hupata taabu, na kwa sababu hiyo ni vyema kuisajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Sehemu ulizoweka Facebook zina tarehe, kwa hiyo zihifadhi na uzipige picha pamoja na tangazo la huyo muuzaji. Waandishi wengi wakiibiwa hufuta kila kitu kwa hasira, na hapo huwa wamemfukuza shahidi wao wenyewe. Kisha mwandikie admini wa kundi, kwa upole lakini ukiambatanisha picha hizo, kabla hujafikiria mahakama.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo arosto. Uliingia mtandaoni kutafuta msikilizaji, jambo ambalo halina aibu yoyote, hasa katika nchi ambayo wachapishaji wake hutegemea zaidi vitabu vya shule na riwaya ya mwandishi anayeanza husubiri sana. Msikilizaji umempata, lakini sasa ndiye anayekupangia kazi. Aliyeandika hadithi ya mfululizo katika gazeti la kila wiki alikuwa na siku saba na mhariri wa kumsahihisha, ilhali wewe umejipa saa chache za usiku, mwili umechoka na bando linakaribia kwisha. Mwandishi wa namna hiyo huanza kuandika kwa kufuata maoni: wasomaji wakimlilia mhusika aliyekufa, kesho yake anafufuka hospitalini. Nimesoma simulizi nyingi zilizoanza vizuri mno na kufikia sehemu ya themanini bila mwandishi mwenyewe kujua zinaelekea wapi.

Ushauri wangu ni kwamba usiache, ila usiandike tena mbele ya macho ya watu. Maliza mswada mzima kwanza, hata kama utachukua miezi sita, mpe mtu mmoja unayemwamini ausome, ndipo uanze kuutoa mara mbili kwa wiki. Waeleze wasomaji wako mapema. Baadhi yao watakuhama, na hilo nakubali ni chungu.

Mswada uliokamilika pia utakufungulia njia ya kipato. Wenzako wengi hutoa sehemu za mwanzo bure, kisha huuza zilizobaki kwa malipo ya simu, na sioni kosa lolote mradi aliyelipa asiachwe njiani bila mwisho. Aidha, fikiria kuubakiza mswada mmoja ambao hujauonyesha popote, kwa ajili ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti yake kwa makini kabla ya kuweka hata sura moja mtandaoni.

Ama ile simulizi iliyoibiwa, usiiage. Iandike upya kuanzia mwanzo, kwa utulivu, kwa kuwa anachouza yule bwana ni rasimu yako ya saa tano usiku, pamoja na makosa yake yote.