Transmita ya FM kukwaruza ukifika mjini

Ndugu yangu, ikiwa mziki wa simu unaorushwa redioni na transmita, kile kidude cha kuchomeka garini, watoka safi Mtwapa na ukivuka Nyali Bridge kuingia Mombasa mjini ni mkwaruzo mtupu, transmita yako si mbovu, umeiweka pahali pana stesheni na mjini zimejazana. Izime kwanza, ukiwa huko huko mjini na gari limesimama pitisha redio polepole kutoka 87.5 hadi 108, ukipata pale pana shhhh tupu bila hata mtu kuongea kwa mbali, washa transmita uiweke namba hiyo hiyo. Sauti ya simu ipandishe lakini isifike mwisho, itapasuka. Mvumo ukipanda kila ukikanyaga mafuta hiyo ni umeme wa gari, muone fundi waya, na plagi ikichemka chomoa mara moja. Redio ikiwa na AUX lakini, lile tundu la kuchomeka waya kutoka kwa simu, mbona ujisumbue bana, nunua waya tu.