Maji yameganda, maziwa yameganda: ni kuganda kulekule?

Swali: Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi. Nilipoeleza tofauti kati ya mabadiliko ya kiumbo na mabadiliko ya kikemikali, mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa maji kuganda ni badiliko la kiumbo, mbona maziwa kuganda ni badiliko la kikemikali, ilhali kitenzi ni kilekile? Mwingine akadai kwamba sukari haiyeyuki kwenye maji, kinachoyeyuka ni barafu. Je, Kiswahili kimepungukiwa na vitenzi, au sisi ndio tunavitumia vibaya?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wanaisikiliza lugha yao kwa makini, na huyo wa kwanza amegusa jambo kubwa. Kiswahili hakijapungukiwa, na ninyi hamjakosea. Kitenzi kuganda kinataja kile ambacho jicho limekiona: kitu kilichokuwa kikitiririka au kusogea sasa kimetulia, kimeshikana. Ndiyo maana tunasema maji yameganda, damu imeganda, mafuta yameganda, mtoto amemganda mama yake, na siku hizi hata kompyuta imeganda. Katika sentensi zote hizo hakuna hata moja inayotueleza kilichotokea ndani ya kitu chenyewe. Mwanakemia anauliza swali jingine kabisa: kitu hiki bado ni kilekile, au pametokea kitu kipya? Kikiwa kilekile, badiliko ni la kiumbo; pakitokea kipya, ni la kikemikali.

Maji yakipoa hadi nyuzijoto 0 za Selsiasi, molekuli zake hujipanga na kushikana mahali pamoja. Hakuna molekuli iliyovunjika, hakuna iliyoungana na nyingine kufanya dutu mpya. Maziwa yanayoganda yenyewe yana habari nyingine. Bakteria wamekula sukari iliyomo, yaani laktosi, wakatoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ilipozidi, protini iitwayo kaseini ikashikana mabonge. Damu nayo huganda pale protini iitwayo fibrinojeni inapobadilishwa kuwa nyuzi za fibrini, ambazo hunasa chembe za damu kama wavu. Barafu ukiipasha moto unapata maji yako. Maziwa yaliyoganda kwa uchachu ukiyapasha moto hupati maziwa mabichi. Mabonge yanazidi kukaza.

Kuna sentensi moja ambayo ningeiandika ubaoni kwa sababu inabeba somo zima: «Maziwa yameganda.» Anayeisema huenda aliyasahau mezani tangu jana, au huenda aliyaweka kwenye friza. Sentensi ni moja, sarufi ni moja, lakini la kwanza ni badiliko la kikemikali na la pili ni la kiumbo. Msikilizaji hawezi kujua mpaka aambiwe sababu. Na lugha yetu ina njia fupi ya kuitaja sababu hiyo, kihusishi «kwa»: maziwa yameganda kwa baridi, maziwa yameganda kwa uchachu. Neno lililotofautisha halikuwa kitenzi, bali kile kilichokifuata. Ukiwazoesha wanafunzi kumalizia sentensi zao hivyo, nusu ya utata utaondoka bila kuhitaji istilahi mpya hata moja.

Njia hiyohiyo inamjibu mwanafunzi wa pili. Sukari huyeyuka kwenye maji, na ni Kiswahili safi. Hata hivyo hisia yake kwamba kuyeyuka huku si kule kwa barafu ni sahihi kisayansi. Barafu inayeyuka kwa joto: yabisi imekuwa kimiminika, na haikuhitaji kitu cha pili. Sukari inayeyuka katika maji: chembe zake zimetawanyika ndani ya kimiminika kingine. Chumvi inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ukiitia katika maji ya kawaida, hutoweka baada ya kukoroga kidogo. Ukitaka iyeyuke peke yake, bila maji, itakubidi uifikishe nyuzijoto 801. Kitenzi kimoja, na kati ya matumizi yake mawili kuna tofauti ya mamia ya nyuzijoto! Kwa hiyo kihusishi ndicho cha kuangalia: «yeyuka kwa» na «yeyuka katika».

Wapo wanaopendekeza tuviachanishe kabisa, kuyeyuka kubaki kwa joto na kumumunyuka kutumike kwa kinachopotelea katika maji. Pendekezo hili lina asili nzuri, kwa kuwa kumumunya ni kukiacha kitu kilainike na kuishia kinywani bila kukitafuna, na tayari vitabu vya kemia vina mmumunyo sambamba na myeyusho. Katika maandishi ya kitaalamu ninaliunga mkono. Katika mazungumzo ya kila siku sioni sababu ya kumkataza mtu kusema sukari imeyeyuka, maana ndivyo wasemaji wanavyosema na wanaelewana.

Kitenzi kinachonipa wasiwasi kuliko vyote hivyo ni kukauka, kwa sababu hapa kutochunguza kunaweza kuharibu kazi. Nguo zimekauka: maji yametoka yakaenda hewani, basi. Rangi ya maji ikipakwa ukutani nayo hukauka hivyo mwanzoni. Lakini rangi ya mafuta inayotengenezwa kwa mafuta ya kitani hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewani na kujenga utando mpya mgumu, na hilo ni badiliko la kikemikali. Zege ndilo lenye kupotosha zaidi. Watu husema zege limekauka, wakidhani ugumu wake umetokana na maji kuondoka. Ukweli ni kinyume. Saruji huungana na maji, na mmenyuko huo huzaa fuwele zinazofumana na kukamata kokoto na mchanga. Zege hushika hata likiwa chini ya maji. Ndiyo sababu mafundi hulimwagia maji kwa siku kadhaa baada ya kulimwaga, na wahandisi kwa kawaida hupima nguvu yake likitimiza siku 28. Anayeamini kwamba zege linatakiwa likauke atayaona maji hayo kuwa upotevu, ataliacha juani, na linaweza kupasuka. Mafundi wana neno bora kuliko letu: husema zege limeshika. Ningependa vitabu vya sayansi viliazime neno hilo kutoka kwao, maana linasema kweli.

Vipo vitenzi ambavyo havina utata wa namna hii. Kuoza, kuchacha, kuungua na kushika kutu havivuki mpaka. Popote utakapovikuta katika maana yake ya msingi, dutu mpya imetokea. Chuma kilichoshika kutu kimeungana na oksijeni penye maji. Mshumaa unaowaka unastahili sentensi mbili, kwa kuwa nta inayotiririka pembeni imeyeyuka tu, ilhali ile inayopanda kwenye utambi inageuka mvuke na kuungua, ikitoa kabonidayoksaidi na maji. Mwanafunzi akiandika «mshumaa umeisha», mwulize umeishaje.

Angalia pia «kugeuka kuwa». Wanafunzi wengi huandika «barafu imegeuka kuwa maji», kisha huamua kwamba pametokea kitu kipya kwa sababu jina limebadilika. Kiswahili kina majina matatu, barafu, maji na mvuke, kwa dutu moja. Sentensi yao si kosa la lugha, ila jina jipya lisichukuliwe kuwa ushahidi. Palipo na haja ya usahihi, «maji yametoka hali ya yabisi yakaingia hali ya kimiminika» ni ndefu lakini haidanganyi.

Kuhusu istilahi zenyewe, utakutana na mabadiliko ya kiumbo, ya kimaumbile na ya kifizikia. Mimi nashauri kiumbo, kwani kimaumbile humpeleka msomaji kwenye mambo ya kuzaliwa nayo. Na usiruhusu «yanayorejesheka» litumike kama kisawe cha kiumbo. Kioo kilichovunjika hakirudi, ingawa kila kipande bado ni kioo. Na betri ya simu hurejeshwa kila inapochajiwa, ingawa kinachotendeka ndani yake ni kemia tupu.

Kwa mtihani wako ujao, basi, usiulize «Je, kuganda ni badiliko la aina gani?» Swali hilo halina jibu moja. Uliza: «Maziwa yameganda ndani ya friza. Je, hili ni badiliko la aina gani? Toa sababu.» Kisha lifuatie: «Maziwa yameganda yakiwa mezani.» Anayejibu yote mawili kwa neno moja atakuwa amesoma kitenzi tu, nawe utajua pa kuanzia kumsaidia.