Kidakatonge hakidaki tonge

SWALI: Shikamoo daktari. Shuleni tulifundishwa kwamba kooni kuna kifuniko kinachoitwa kidakatonge, na kazi yake ni kuziba njia ya hewa chakula kinapopita. Kinajuaje kwamba kinachokuja ni chakula na si hewa? Na kama kifuniko kipo, mbona mimi napaliwa na maji kila mara, hasa nikinywa kwenye chupa, ilhali tonge kubwa linapita salama?

JIBU: Marahaba. Kabla sijajibu, weka kidole mbele ya shingo, juu ya kikoromeo, kisha meza mate. Umekisikia kikipanda, kikasita kidogo, kikarudi chini? Sehemu kubwa ya jibu lako imo katika mwendo huo.

Shida ya koo ni kwamba ni njia panda. Hewa inatoka puani, kwa nyuma, na inaelekea kwenye bomba la hewa, ambalo liko mbele. Chakula kinatoka kinywani, kwa mbele, na kinaelekea kwenye umio, yaani bomba la chakula, ambao uko nyuma. Lazima zikatane. Fundi anayechora ramani ya namna hii angefukuzwa kazi, lakini ndiyo tuliyopewa. Muda mwingi njia panda hii ni ya hewa peke yake, kwa sababu mdomo wa umio umebanwa na msuli usiolegea mpaka umeze, ukipiga mbweu au ukitapika.

Ukimeza, kwa muda wa kama sekunde moja, koo linabadilisha umbo. Kaakaa laini linanyanyuka na kuziba njia ya pua. Likichelewa, kwa mfano kicheko kikikujia katikati ya funda, maji hutokea puani. Pumzi inasimama. Nyuzi mbili za sauti, zilizomo ndani ya zoloto (kisanduku cha sauti) nyuma ya hicho kikoromeo ulichokishika, zinakutana na kufunga mlango wa hewa. Hapohapo zoloto zima linavutwa juu na mbele, likajificha chini ya shina la ulimi, na mvuto huo huo unasaidia kuuachamisha mdomo wa umio. Kwa hiyo njia ya hewa haingoji kufunikwa tu. Inahama.

Kidakatonge je? (Wengine hulitumia jina hilo kwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, mimi nasema kile kipande cha gegedu chenye umbo la jani kilichosimama nyuma ya ulimi.) Hakijui chochote. Kinalazwa na mwendo wa zoloto na ulimi, na chakula hupita juu yake na pembeni mwake, kulia na kushoto. Hakidaki tonge lolote. Jina limekipa sifa kuliko kazi yake. Wapo wagonjwa waliokatwa kidakatonge chote kwa sababu ya saratani, wakafundishwa upya kumeza, na wakala. Nyuzi za sauti zikigoma kufunga, hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi.

Kinachojua ni neva. Chakula kikigusa nyuma ya kinywa, habari inafika kwenye shina la ubongo, na huko ndiko zinakotoka amri kwa misuli zaidi ya ishirini, kila mmoja kwa zamu yake. Zikishaanza huwezi kuzisimamisha. Jaribu kuvuta pumzi katikati ya kumeza uone. Tena mara nyingi mwili humeza ukiwa unatoa pumzi, na ukimaliza unaendelea kuitoa, ili mabaki yaliyobaki mlangoni yapeperushwe juu badala ya kuvutwa ndani.

Mimi huutazama mlango huo kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, mgonjwa akinywa maziwa yaliyotiwa rangi. Naona nyuzi za sauti zikicheza na pumzi, naona rangi ikitokeza nyuma ya ulimi, kisha ghafla kioo chote kinakuwa cheupe: koo limeikumbatia kamera. Picha ikirudi, kumeza kumekwisha. Tendo lenyewe sikuliona. Nabaki kuchunguza rangi imeachwa wapi.

Sasa maji yako. Tonge linasukumwa taratibu na halisambai, hivyo mlango una muda wa kufunga. Maji hayana umbo, yanakimbia, na tone likitangulia likakuta nyuzi za sauti bado wazi, umepaliwa. Kichwa kikiwa nyuma na chupa ikiwa juu, unayapa mteremko. Ukiongea huku unakunywa, unaufungua mlango mwenyewe. Kunywa mafunda madogo, kidevu kikiwa chini kidogo, na umeze kwanza ndipo ujibu.

Ukipaliwa, kohoa, kikohozi ndicho kinachosafisha njia. Aliyekabwa kabisa, asiyeweza kukohoa wala kusema, ainamishwe mbele apigwe kwa kiganja mara tano kati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake umbane tumbo, juu ya kitovu, mara tano, ukirudia kupiga na kubana kwa zamu hivyo huku mwingine akiita msaada. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo, anabanwa kifua.

Wanaonitisha zaidi ni wale wasiokohoa. Baada ya kiharusi, koo linaweza kufa ganzi, maji yakateremka mapafuni kimyakimya, na dalili ya kwanza ikawa homa ya mapafu. Wewe koo lako linapiga kelele, na hiyo ni habari njema. Ila kama unapaliwa kila siku hata ukinywa taratibu, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, au unapungua uzito, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nenda na hiyo chupa, umwonyeshe unavyoinywea.