Nanga mbili za kilo 10, bei tofauti: ninunue ipi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Boti yangu ni ya faiba, urefu mita 7, uzito kama tani moja na nusu. Huwa naegesha penye mchanga, mara nyingine tope. Nimeonyeshwa nanga mbili za umbo la jembe, zote kilo 10, zote zimepigwa zinki, kwa macho ni pacha. Moja bei yake ni karibu mara mbili ya mwenzake. Muuzaji anasema tofauti iko kwenye chuma. Ni kweli, au anataka kunipiga?

Jibu: Inawezekana ni kweli, ila asikwambie kwa mdomo tu. Kilo 10 zinaitosha boti yako na kuzidi, kwa hiyo suala la uzito liweke kando, utazame mkono, yaani mpini mrefu unaofungwa mnyororo.

Nanga kama hizi hutengenezwa kwa mabamba. Mkono hukatwa kwa plazma au leza, kombe, yaani sehemu pana inayozama mchangani, hukunjwa kwa mashine ya haidroliki, kisha vinachomelewa pamoja, vinaoshwa kwa asidi na kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Anayetaka kupunguza gharama hubana kwenye mkono, maana zinki ikishafunika hakuna ajuaye chuma gani kiko ndani. Na mkono ndio unaoteseka. Upepo ukigeuka usiku huku kombe limenasa kwenye jiwe, boti huvuta kwa ubavu, na mkono hupinda. Chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi. Chuma cha nguvu kinachofaa kwa mikono ya nanga huvumilia hadi 690 hivi. Huwezi kuvitofautisha kwa jicho. Dai karatasi ya kiwanda inayotaja daraja la chuma cha mkono. Hana? Hesabu kuwa ni chuma cha kawaida na ulipe bei ya chuma cha kawaida.

Unene unaweza kuupima mwenyewe, kwa hiyo nenda na kalipa. Nguvu ya kuhimili mvuto wa ubavu hupanda kwa mraba wa unene: mkono wa milimita 12 unahimili asilimia 44 zaidi ya wa milimita 10, upana na chuma vikiwa sawa. Ile rahisi ikiwa na mkono mnene kuliko ghali isiyo na karatasi, mimi ningechukua rahisi.

Kisha pinduza nanga, uangalie mkono unapokutana na kombe. Mshono wa kuchomelea uzunguke pande zote bila kukatika. Ukiona kitundu kidogo chenye mchirizi wa rangi ya kutu, hapo asidi ilibaki ndani na inaendelea kula chuma. Hiyo iache dukani. Zinki ya kuzamishwa kwa kawaida ni nene, mikroni 85 hivi, tena ina vitone na mikunjo kwenye kingo. Ile laini iliyo sawasawa kila mahali huenda ni ya kupakwa kwa umeme, nyembamba mno kwa maji ya chumvi. Chuma cha pua kinapendeza, lakini hakishiki mchanga zaidi.

Usimalize pesa zote kwenye nanga. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 hivi kwa mita; mita 8 zinatosha kuulaza mkono chini ili kombe lizame badala ya kung'oka. Nyuma yake funga kamba ya nailoni ya milimita 12, ambayo hunyumbuka mawimbi yakivuta. Polipropilini inaelea, na panga la injini ya boti nyingine litaikata.

Urefu wa kamba na mnyororo upigie hesabu ya maji yakiwa yamejaa. Kina cha mita 4 ulipofika, jumlisha mita 2 za kujaa, jumlisha mita 1 kutoka majini hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya boti: 7. Zidisha kwa 7, kwani sehemu kubwa ni kamba nyepesi, si mnyororo. Mita 49 ziwe majini, mnyororo ukiwemo. Watu wengi husahau ile mita ya omo, na hapo tu wamepungukiwa mita 7.

Pini ya pingu inayounga nanga na mnyororo ikazwe, kisha ifungwe kwa waya. Mtikisiko wa mawimbi huifungua polepole, hata ikiwa imekazwa kwa koleo.